Shangazi, ananipenda mimi au anapenda mistari ya kocha wangu?

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu. Nina miaka 32, mwanaume, nina kazi ya kueleweka, sina mtoto, sijawahi kuoa. Mpaka juzi juzi hapa mimi ndo nilikuwa domo zege namba moja kwa watu wote wanaonijua. Sio kwamba sina maneno, maneno ninayo tele, nikiwa na washikaji naongea mpaka wananiambia nipumzike, ila akikaa mbele yangu mwanamke ninayemtaka basi kichwa kinakuwa cheupe, mikono inatoa jasho, sauti inakwama, naishia kusema "mambo" halafu baada ya dakika mbili nasema tena "mambo". Kuna dada tulisoma naye chuo nilimpenda kimya kimya miaka yote mpaka akaolewa, na kwenye harusi yake mimi ndo nilikuwa napiga picha.

Sasa mshikaji wangu mmoja akanitumia video za kocha anayefundisha wanaume kujiamini na kudeti. Mwanzoni nilicheka, nikasema huyu nae tapeli mwingine, ila usiku nikawa naangalia moja, nyingine, nyingine, mwisho nikalipia programu. Kuna masomo ya video, kuna simu na kocha kila wiki, halafu kuna grupu la WhatsApp la wanaume tupu tunapeana moyo na kutumiana matokeo.

Nisiwe mnafiki Shangazi, ilinisaidia. Tulianza na vitu vidogo vidogo, kusalimia watu usiowajua, kumwangalia mtu machoni unapoongea nae, kuacha kuomba msamaha kila baada ya sentensi, kusema "hapana" bila kutoa maelezo kurasa tatu. Wiki za mwanzo nilikuwa natetemeka, baadae nikazoea. Hata kazini wameona, bosi kaniuliza siku hizi umepatwa na nini mbona unaongea kwenye vikao. Na kwenye grupu kuna wanaume wamesema mambo ambayo sijawahi kusikia mwanaume anamwambia mwanaume mwenzake, kuna mmoja alilia kwenye voisi noti na hakuna aliyemcheka. Hapo nashukuru mpaka leo.

Tatizo ni sehemu ya pili ya programu. Kocha ana faili la mistari, meseji za kuanzia, meseji za kumrudisha mtu akikauka, meseji za kumchokoza kidogo ili asikuone unampapatikia. Ukishapata namba ya mtu unapiga skrinshoti ya chati zenu unaweka kwenye grupu, halafu kocha na washikaji wanakwambia jibu hivi, subiri masaa manne, usiweke imoji, sasa hivi mkaushie kidogo.

Ndo nikakutana na H. Tulikutana kwenye shughuli ya rafiki yetu, nikamfuata mwenyewe nikaongea nae mwenyewe, hiyo nakuapia hakuna mtu aliniandikia. Ila baada ya kupata namba yake, wiki za mwanzo zote karibu kila meseji ya maana ilipitia kwenye grupu kwanza. Ile meseji iliyomchekesha mpaka akanipigia simu usiku ule ule, haikuwa yangu, ni ya jamaa mmoja wa kwenye grupu ambaye hata sura yake siijui. Sasa tumefika mbali, miezi imepita, ananiita kwao, mimi namwita kwangu, tunaongea kuhusu mwakani. Na mimi mistari nimeipunguza sana, ila ikitokea kitu kigumu bado nakimbilia kule, mfano juzi alinitumia meseji ndefu kuhusu ugonjwa wa mama yake, nikajikuta nimeshaitupia kwenye grupu kabla sijamaliza kuisoma, wakanipa jibu zuri sana, akanishukuru.

Halafu jumapili iliyopita tumekaa tu, kaniangalia kaniambia, "Unajua nilichokupendea? Wewe huigizi." Shangazi nilitaka ardhi inimeze. Tangu siku hiyo silali vizuri. Kila nikimchekesha najiuliza kamcheka nani. Nikiongea vizuri najisikia tapeli, nikiongea vibaya naogopa sasa ndo ananiona mimi halisi atakimbia.

Nikamwambia kocha kwenye simu. Akanijibu nisithubutu kumwambia H chochote, eti mwanamke akishaona udhaifu wako heshima inaondoka hairudi, na hizi hisia ni yule mwanaume wa zamani anapigania kurudi. Kasema ninachohitaji ni ngazi inayofuata ya programu, ya watu walioshaingia kwenye mahusiano.

Maswali yangu, je H ananipenda mimi au anampenda mtu aliyetengenezwa? Nimwambie ukweli au nile buyu tu maisha yaendelee? Na huyu kocha niachane nae wakati ndo aliyenitoa shimoni?

Ni mimi,
Domo Zege Mstaafu

N.B. Ngazi inayofuata ina punguzo mpaka mwisho wa mwezi, naomba ukiweza ujibu mapema.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu Domo Zege Mstaafu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye kupiga picha harusi ya watu, nisamehe, mara ya pili sikucheka sana maana nimeona mtu ambaye kafanya kazi kubwa kwenye nafsi yake na sasa anaiogopa kazi hiyo hiyo.

Ngoja nione kama nimekuelewa. Ulikuwa mwoga, ukaenda kujifunza, mafunzo yakakufungua mdomo. Ukampata mwanamke unayemtaka na yeye anakutaka. Kakusifia kwa kitu ambacho wewe unaamini huna, yaani kutoigiza, na sifa hiyo imekugeukia ikawa mashtaka. Yule aliyekufundisha anakwambia funika, moyo wako unakwambia funua, na kuna bili inayokusubiri mwisho wa mwezi. Nimepatia?

Tuanze na hili la kutengenezwa. Kwenye barua yako umeviweka vitu viwili kwenye kapu moja na mimi naona havifanani kabisa. Kuna ulichojifunza, na kuna ulichoazima. Kumwangalia mtu machoni, kuongea kwenye vikao, kusema hapana, kumfuata H mwenyewe siku ile na kufungua mdomo, hayo umejifunza, ni yako. Mtu aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka 30 akiingia majini hatuiti maigizo, tunasema anaogelea. Sasa kwanini ujasiri peke yake ndo tudai lazima mtu azaliwe nao? Umeshajiuliza hilo wazo umelitoa wapi? Mimi nahisi ni domo zege yule yule wa zamani, kabadilisha wimbo tu, kwanza alikuwa anasema "huwezi", sasa hivi umeweza anasema "sio wewe".

Kuna mtu mmoja ningependa umjue, Albert Ellis, Mmarekani, baadae alikuja kuwa mmoja wa wanasaikolojia wakubwa wa karne ya 20. Alipokuwa na miaka 19 alikuwa anaogopa kuongea na wanawake mpaka basi. Akajipa kazi mwenyewe, mwezi mzima aende kwenye bustani ya mimea ya Bronx kule New York, na kila mwanamke atakayemkuta kakaa peke yake kwenye benchi na yeye akae hapo hapo aanzishe maongezi ndani ya dakika moja. Kwa hesabu aliyosimulia mwenyewe, alikutana na wanawake 130, kati yao 30 walinyanyuka wakaenda zao, akaongea na 100, akapata miadi na mmoja tu, na huyo mmoja siku ya siku hakutokea! (Kwa niaba ya wanawake wanaotaka kukaa kwenye benchi lao kwa amani naomba usiende kujaribu hiyo, lakini endelea kunisikiliza.) Kwa macho ya kutafuta mchumba kijana yule alipata sifuri, ila woga ulimtoka, maana aliona kwa macho yake kwamba kukataliwa hakuui mtu. Na angalia hapo, hakuwa na faili la mistari. Alichokuwa nacho ni yeye, mdomo wake, na kukaa pale hata kama anatetemeka. Wewe nawe ulipitia kitu kama hicho zile wiki zako za kusalimia watu usiowajua, ndomana nasema ile sehemu ya kwanza ya programu ilikuwa kitu cha maana, na sioni sababu ya kuitupa eti kwa sababu sehemu ya pili inakuwasha.

Mistari sasa. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa saikolojia, David Clark na Adrian Wells, walieleza kwanini woga wa watu huwa hauishi hata kwa mtu ambaye kila siku anakutana na watu. Walisema mtu mwoga macho yake yanageuka yanamtazama yeye mwenyewe, nimekaaje, nimesemaje, sauti ikoje, halafu anajishikiza kwenye vijinjia vya kujilinda, mfano kufanya mazoezi ya sentensi kichwani kabla hajaitamka. Ubaya wa hivyo vijinjia ni kwamba mambo yakienda vizuri sifa zote zinaenda kwa kijinjia, wewe hupati hata chembe, kwahiyo kesho woga uko pale pale. Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe uone, H kacheka, kakupigia simu usiku ule ule, na ushindi umempa jamaa usiyemjua sura. Hujaacha kuogopa, umepata tu pa kujificha. Na hilo silisemi kukulaumu, mtu aliyeteseka miaka yote hiyo akipewa pa kujificha atajificha, nani asingejificha.

Ila nikuulize, simu ya usiku ule ilikatika baada ya kicheko? Au mliongea? Kama mliongea, nani alikuwa anaongea upande wako? Maana grupu halikuwa sikioni mwako. Na zile siku mmekaa wawili, na zile safari za kwao na kwako, na huo mwakani mnaoupanga, hapo kocha anakaa wapi? Meseji zinafungua mlango lakini miezi yote hii mtu haishi mlangoni. Sikwambii mistari haikuwa na kazi, ilikuwa nayo, ila nadhani unaipa kazi kubwa kuliko iliyofanya.

Halafu kuna utafiti wa watu wa Harvard uliotoka mwaka 2017, Karen Huang na wenzake, waliangalia maongezi ya watu wasiojuana na pia zile deti za haraka ambazo watu wanakaa dakika chache kisha wanahamia kwa mwingine. Waliokuwa wanauliza maswali zaidi ndo waliopendwa zaidi, na hasa yale maswali ya kufuatilia, yaani mwenzio kasema kitu na wewe unauliza juu ya hicho hicho alichosema. Nimekuletea hilo kwa sababu swali la kufuatilia hakuna mtu anaweza kukuandikia kwenye faili. Ili uulize lazima uwe umesikiliza. Na unaposikiliza macho yanatoka kwako yanaenda kwa mwenzio, na huko ndiko yule Clark na mwenzie walikokuwa wanataka yaende.

Hapo H alipokwambia huigizi, ulimuuliza maana yake? Kwenye barua hujasema kama ulimuuliza, umesema tu ulitaka ardhi ikumeze. Labda alimaanisha hujisifii hela. Labda alimaanisha siku ile ya kwanza ulitetemeka na ukabaki umesimama pale pale. Labda alimaanisha kitu ambacho wewe unakionea aibu na yeye ndo anakipenda. Mimi sijui na wewe hujui, umesikia neno moja ukalibeba ukaenda kulala nalo macho wazi. Swali "kwanini umesema hivyo?" ni dogo, halihitaji ungamo lolote, na jibu lake linaweza kubadilisha ukubwa wa hili jambo lote, ama likalipunguza ama likalikuza. Usishangae pia likakutisha zaidi. Ila utakuwa unatishwa na kitu cha kweli.

Sasa mwanangu kaa chini hapa. Kuna sentensi kwenye barua yako umeipitisha haraka haraka, katikati ya aya, kama mfano tu. Ile ya mama yake H. Mtu kakuandikia habari ya ugonjwa wa mama yake, na kabla hujamaliza kusoma ikawa mbele ya wanaume wasiojulikana idadi, wasiomjua, ambao nao simu zao zina marafiki na wadogo zao wanaochungulia. Wewe barua nzima unahangaika na swali la nani aliandika meseji zilizoenda kwa H. Mimi swali langu ni nani wamesoma zilizotoka kwake. Hizo ni mbili tofauti. Ya kwanza ni siri yako, ukiamua kuibeba utaibeba. Ya pili ni siri yake, uliitoa nje bila kumuuliza, na mpaka sasa hivi yeye anadhani iko kati yenu wawili.

Sikuambii hili ili ujione mtu mbaya. Kwenye grupu ile ndo ilikuwa namna ya kuomba msaada, kila mtu anafanya, na kitu kikifanywa na kila mtu kinaacha kuonekana. Lakini jiweke upande wake kidogo. Chukulia H ndo anazichukua zile voisi noti zako, zile za usiku ukiwa umechoka, anazipeleka kwenye grupu lake la wanawake zipigiwe kura ujibiwe nini. Ungeumia wapi zaidi, kwamba majibu sio yake, au kwamba wamekusikia? Nakuachia hapo. Nahisi hata kukosa kwako usingizi kuna sehemu inatokea huku, sio kwenye mistari peke yake.

Kumwambia au kula buyu. Ukiniuliza mimi nikupe ndiyo au hapana sitakupa, kwa sababu atakayekaa mbele ya H ni wewe. Ila naweza kutembea na wewe kwenye kila njia tuone ina mashimo gani.

Unaweza kumwambia yote, programu, mistari, skrinshoti, mpaka ile ya mama yake. Faida yake kubwa ni kwamba hakutabaki kitu cha kugundulika. Hatari yake ni kweli, asitudanganye mtu, anaweza kuumia sana, anaweza kuondoka, na akiondoka itakuwa haki yake. Na kuna hatari nyingine watu huwa hawaisemi, kwamba unaweza kuungama ili upate usingizi wewe, ukamtupia yeye mzigo wote halafu ukamwangalia kwa macho ya kuomba akwambie "usijali". Ukichagua njia hii jiandae kusikia hasira bila kujitetea, na jiandae asikusamehe siku ile ile. Mwambie pia umeshafanya nini kuhusu skrinshoti, maana hilo ndo swali lake la kwanza, ziko wapi sasa hivi, nani anazo, na utaweza kujibu nusu tu.

Unaweza kumwambia kwa hatua. Uanze na woga, kwamba hukuwa mtu wa kuongea, kwamba ulienda kujifunza, kwamba kuna wakati ulikuwa unaomba msaada wa nini umwandikie. Watu wengi hapo wanaweza hata kucheka, nani hajawahi kumpa rafiki simu akamwambia nisaidie kujibu hii. Inampa nafasi ya kukujua taratibu na wewe nafasi ya kuona kwamba kuonekana mwoga hakuui. Shimo la njia hii ni kwamba ni rahisi sana kuishia hatua ya kwanza, ile tamu, ukajisifu umeshasema ukweli wakati lile zito liko pale pale. Na siku akilijua atakumbuka kwamba ulikuwa na nafasi ukachagua kusema nusu.

Na kuna kukaa kimya, ukaacha mistari, ukaacha kupeleka meseji zake popote, ukawa mtu mwingine kuanzia leo. Wapo watu wazima wenye akili zao watakaokwambia fanya hivyo, yaliyopita si ndwele. Siwezi kusema wamekosea, si kila jambo la zamani lazima lifukuliwe. Ila pima, je wewe ni mtu unayeweza kubeba kitu? Maana kwa barua hii neno moja limekunyima usingizi. Na grupu lina watu, watu wanagombana, watu wanahama na simu zao, kwahiyo ukimya wako unategemea midomo usiyoimiliki.

Kuna moja lakini halihitaji kusubiri uamue yote hayo. Kutopeleka tena meseji yake hata moja kunaanza leo, na kuzifuta zile ulizoweka pale unapoweza kufuta, na kuwaomba waliopo wazifute. Hiyo haimlazimu mtu kujua kitu chochote. Na kesho akikuandikia kuhusu mama yake, isome mpaka mwisho, halafu mjibu vibaya. Namaanisha, mjibu wewe mwenyewe, hata kama ni "sijui niseme nini, nipo, mama kaamkaje leo?" Imoji weka au usiweke, shauri yako.

Huyu kocha sasa. Umesema alikutoa shimoni na nakuamini, na mtu aliyekusaidia hatumgeuki kwa sababu kakosea. Ila naona ana mafundisho mawili yanayopigana. La kwanza lilikwambia simama ulivyo, angalia watu machoni. La pili linakwambia ficha, subiri masaa manne, mchokoze, usionekane. Hili la pili linaita woga kwa jina la nguvu. Na ile sentensi yake kwamba mwanamke akiona udhaifu heshima inaondoka, kwani kwenye lile grupu yule mwenzenu alipolia heshima yake iliondoka? Umeniandikia mwenyewe kwamba hakuna aliyemcheka na unashukuru mpaka leo. Inawezekana wapo wanawake wanaokimbia wakiona mwanaume katetereka, wapo, na H anaweza kuwa mmoja wao, siwezi kukuhakikishia. Lakini wewe ndo unamjua H, kocha anajua skrinshoti.

Unaweza kubaki nae ukachukua ya kwanza ukaacha ya pili. Unaweza kuondoka ukabaki na wale washikaji wawili watatu wa kwenye grupu ambao mmekuwa marafiki kweli, maana nadhani hicho ndo kitu utakachokikosa zaidi na kinastahili kutunzwa, wanaume kuwa na pa kuongelea sio jambo dogo. Na kama ukiondoka ukaona ule woga wa jasho mikononi unarudi kwa nguvu, unakufuata kazini na kila mahali na hauondoki miezi na miezi, hapo ongea na mtaalamu wa saikolojia, kuna tiba za mazungumzo zinazosaidia sana woga wa aina hiyo. Kocha, hata awe mzuri vipi, sio tabibu, na kwenye nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kuamka asubuhi na kujiita kocha.

Sasa ile N.B. yako, nimejibu mapema kama ulivyoomba. Kabla hujalipa mwulize kocha mambo machache na umwombe ayajibu kwa maandishi. Kasomea wapi kazi hii? Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lipo tangu 1995 na hata cheti chake cha ngazi ya chini, ACC, kinataka angalau masaa 60 ya mafunzo na masaa 100 ya kufanya kazi na wateja, kwahiyo sio swali la kumtukana, ni la kawaida, na asiye na cheti anaweza bado kuwa mzuri ila ajibu bila kukasirika. Skrinshoti za watu kwenye grupu zinatunzwa vipi na zinafutwa lini? Ukikatisha katikati hela inarudi kiasi gani? Na hiyo ngazi mpya ikiisha inakuja nyingine? Akikujibu vizuri utakuwa na cha kupima. Akikwambia hayo maswali yenyewe ni yule mwanaume wa zamani anapigania kurudi, basi punguzo liache lipite, usiku huo mpigie H simu mwulize ile "huigizi" alimaanisha nini.

Shangazi